Mkondo Unaokwenda Kaskazini

Wanangu, simameni nami gatini Wesha, hapa Pemba, maji yakiwa yamejaa, muangalie upande wa machweo. Kile kisiwa cha kijani ni Misali. Ukishakipita, bahari hugeuka rangi ghafla, kutoka kijani cha mwani na matumbawe kuwa buluu nzito, kwa sababu sakafu yake imeporomoka mamia ya mita kwenda chini. Ng'ambo ya buluu hiyo ndiko kuliko bara.

Sasa nikuulizeni: chombo kikizama hapo mbele, nani aliye karibu wa kuja kuokoa? Wengi watajibu Unguja, kwa kuwa ndiko iliko serikali yetu na ndiko inakotoka boti. Lakini chukueni ramani na rula. Kutoka Wesha hadi Mji Mkongwe ni zaidi ya kilomita 100. Hadi Tanga ni kama 70. Na Shimoni, ambayo iko Kenya, haipiti sana hapo. Yaani jirani wa nchi nyengine anaweza kutufikia kabla ya ndugu wa kisiwa cha pili.

Kuna na jambo jengine ambalo mvuvi yeyote wa Pemba atakwambieni. Katika pwani yetu, maji ya bahari kuu huenda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kaskazi mkondo hupungua nguvu; wakati wa kusi hukaza, na mahali pengine hufika noti nne. Fanyeni hesabu. Mtu aliyeanguka majini mkondo ukiwa noti mbili tu, baada ya saa tano atakuwa amechukuliwa maili kumi za baharini, karibu kilomita 19. Hajapiga mbizi, hajaogelea, ameshika boya tu. Mkondo unamchukua kuelekea Kenya, wala haumuulizi pasipoti.

Ndiyo maana uokozi wa baharini hauwezi kuwa kazi ya nchi moja.

Nitakusimulieni usiku ambao Pemba nzima inaukumbuka. Ijumaa tarehe 9 Septemba 2011, kama saa tatu za usiku, meli ya MV Spice Islander I iling'oa nanga bandari ya Malindi, Unguja, kuja Pemba. Sikukuu ya Idi ilikuwa imepita siku chache nyuma, watu walikuwa wanarudi makwao. Meli ilikuwa na ruhusa ya kuchukua abiria wapatao 600. Tume ya uchunguzi ilikuja kusema baadaye kwamba ndani yake mlikuwa na zaidi ya watu 2,000, pamoja na mizigo. Ilipofika bahari ya Nungwi, kwenye saa saba za usiku, maji yakaingia, mashine zikazimika, ikalala ubavu na kuzama.

Waliosalimika walishika kilichoelea: magodoro, mbao, majokofu. Walikaa hivyo mpaka alfajiri. Waliowafikia kwanza walikuwa wavuvi wa Nungwi na boti ndogo za watalii, kisha vyombo vya KMKM (kikosi cha Zanzibar cha kuzuia magendo), polisi na jeshi la wanamaji. Zaidi ya watu 600 waliokolewa, na hilo ni jambo kubwa ambalo mikono ya watu wa kawaida ilichangia. Lakini wengi mno hawakurudi. Mwenyezi Mungu awarehemu. Wapiga mbizi wa Afrika Kusini walikuja kusaidia, kama walivyokuja wenzao mwaka 1996 ilipozama MV Bukoba katika Ziwa Victoria, ila safari hii kina na nguvu ya mkondo viliwazuia kuifikia meli.

Kilichotuumiza zaidi, kwa maoni yangu, ni karatasi. Orodha ya abiria haikulingana na watu waliopanda. Mwokozi asiyejua wangapi wako majini hajui atafute mpaka lini. Akishaokoa 600, arudi nyumbani au aendelee? Nambari hiyo inaamua nani ataendelea kutafutwa na nani ataachwa.

Turudi kwa majirani. Mwaka 1979, mjini Hamburg, mataifa yalikubaliana mkataba wa utafutaji na uokozi baharini. Mkataba huo unataka aliye hatarini asaidiwe bila kuulizwa uraia wake, na nchi jirani ziruhusu haraka waokozi wa mwenzao kuingia katika maji yao. Oktoba 2000 wakakutana tena Florence, Italia, wakapanga vituo vitano vya kanda kuizunguka Afrika: Rabat, Monrovia, Lagos, Cape Town na Mombasa. Cha Mombasa, ambacho ndicho chetu, kilizinduliwa Mei 2006, na kinafanya kazi pamoja na kituo cha Dar es Salaam na cha Ushelisheli.

Kazi yenyewe huenda hivi. Nahodha aliye hatarini anaita kwa redio, chaneli 16: anatamka Mayday mara tatu, jina la chombo, mahali alipo, shida aliyonayo, na idadi ya watu. Meli kubwa huwa na kifaa cha dharura ambacho kikianguka majini chenyewe hupeleka ishara kwenye setilaiti. Mtu wa zamu kituoni anatazama upepo na mkondo, anachora eneo ambalo watu walio majini huenda wamesukumiwa, kisha anatafuta chombo kilicho karibu zaidi, kiwe cha bendera gani. Kila saa inayopita, eneo hilo hupanuka.

Nchi kavu nako ujirani unahitajika. Hapa Wesha hushushwa mafuta. Petroli ikishika moto, maji matupu huisambaza tu. Panatakiwa povu maalumu, tena jingi. Huku tuna Kikosi cha Zimamoto na Uokozi cha Zanzibar. Bara wana Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Hivyo ni vyombo viwili, chini ya serikali mbili, kwa kuwa zimamoto si jambo la Muungano. Moto mkubwa ukizidi nguvu za kisiwa, gari la kuongeza nguvu litapanda meli, na hiyo ni safari ya saa kadhaa. Kwa hiyo mipira na viungio vyake lazima vioane, na wazima moto wa pande mbili wawe wameshafanya mazoezi pamoja kabla. Kuanza kutafutana nambari za simu moto ukiwa umeshawaka ni kuchelewa.

Wavuvi wetu wamelijua hili zamani. Wanapokwenda dago, yaani kambi ya uvuvi, Tanga, Vanga au Shimoni, wanakuta Wapemba wenzao waliohamia huko vizazi vilivyopita; wale wa upande wa Kenya serikali ya huko iliwatambua kuwa raia mwaka 2023. Ngarawa ikichelewa kurudi, simu hupigwa ng'ambo, na mwenye boti huko huitia mashine moto bila kusubiri barua. Ningependa kila chombo cha uvuvi kiwe na redio, ili mwito huo usitegemee bahati ya mtandao wa simu.

Na nyinyi mna sehemu yenu. Mkipanda boti kwenda Unguja au Tanga, hakikisheni majina yenu yameandikwa, hata la mtoto mchanga anayebebwa. Ulizeni jaketi la kuokolea liko wapi, na lijaribuni kabla boti haijaondoka. Na mkiona watu wamezidi, shukeni, na muwaambie wazee wenu washuke pamoja nanyi.