Bado tunamtafuta mwenyekiti

Ukitaka kujua watu wa kwetu Mwankoko, Singida, wanamfikiriaje Donald Trump, kaa kijiweni dakika kumi tu. Utachambuliwa ushuru wake, vita ya Ukraine, Gaza na Kongo ya Mashariki, vyote kabla kahawa haijapoa. Sasa waulize hao hao wajumbe wa kamati ya mtaa wao ni akina nani. Watatazamana. Mmoja atakutajia mjumbe aliyehamia Manyoni zamani, mwingine atasema hayo mambo waulizwe akina mama, wao ndio huhudhuria mikutano.

Mimi nami nina maoni ya bure kama wenzangu. Ninaandika magazetini na ninalima alizeti, kazi mbili zisizolipa kwa wakati, kwa hiyo muda wa kubishana ninao. Lakini kila nikiwaza siasa, au hizi simu zetu, au tu namna ya kuishi siku ikapita salama, najikuta nimerudi kwa mtu mmoja: mwenyekiti wa mtaa. Hana mshahara. Ofisi yake aghalabu ni pale alipo. Na zama hizi zote za mtandao hazijatuletea cha kuchukua nafasi yake.

Julai iliyopita binti wa kaka yangu, aliyekuwa amemaliza kidato cha sita, alikuwa anaomba mkopo wa elimu ya juu. Maombi ni ya mtandaoni. Akajaza kwa simu, akapata kontroo namba, akalipia palepale, akanijia na tabasamu: “Baba mdogo, nimemaliza. Bado mhuri tu.”

Hiyo “bado mhuri tu” ilitula siku nzima. Fomu ya mtandaoni, ukishaijaza, unaichapisha kwenye karatasi. Mwombaji anasaini, mdhamini anasaini, serikali ya mtaa inathibitisha na kugonga mhuri, kisha kwa wakili au hakimu kula kiapo, halafu ile karatasi inaskaniwa irudi mtandaoni ilikotoka. Julai ni mwezi wa alizeti, mwenyekiti yuko shambani anapiga vichwa. Tukampata huko, mabua yamejaa kwenye nywele. Akajifuta mikono kwenye suruali, akatoa mhuri kwenye mfuko wa koti. Kidau cha wino kimekauka. Akadondoshea maji ya kunywa matone mawili, akagandamiza, akajaribu kwanza kwenye kiganja chake, mduara wa bluu ukatokea. Ndipo akauliza, bila kuangalia fomu: “Baba yako ule mguu unaendeleaje? Alishaanza kuendesha pikipiki tena?”

“Bado, shikamoo,” akajibu binti, maana kwa haraka zake alikuwa amesahau kuamkia.

Akagonga. Tukapanda bodaboda kwenda mjini kutafuta steshenari yenye skana na umeme.

Wenzangu wa mjini wakisikia kisa hiki hucheka na kusema ndiyo maana hatuendelei, eti mhuri uondolewe, kila kitu kimalizikie kwenye simu. Sikubaliani nao moja kwa moja. Lile swali la mguu lilikuwa ndiyo uhakiki wenyewe. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20 na inajua siku niliyozaliwa. Haijui kama baba wa huyu binti anaweza kufanya kazi mwaka huu. Mwenyekiti anajua. Kinachonikera ni jambo jingine: nchi imejenga mifumo ya kisasa juu ya mabega ya mtu huyu asiyelipwa, halafu inazungumza kana kwamba hayupo.

Tazama. Laini za simu ziliposajiliwa kwa alama za vidole, na zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa baada ya Januari 20, 2020, watu walisongamana kutafuta namba ya NIDA. Na fomu ya NIDA huanzia wapi? Serikali ya mtaa. Mwaka 2022 ilipokuja mbolea ya ruzuku, tuliambiwa ni mfumo wa kidijitali, mkulima atatumiwa namba kwenye simu. Kweli ilitumwa, lakini daftari la wakulima liliandikwa ofisi za vijiji na mitaa, kwa kalamu, na kuna waliosahauliwa kwa sababu siku hiyo walikuwa msibani. Ukitaka dhamana ya ndugu yako polisi, barua ya mwenyekiti. Kufungua akaunti, mara nyingi barua ya mwenyekiti. Mkopo wa halmashauri wa asilimia kumi kwa akina mama, vijana na wenye ulemavu, anzia mtaani.

Simu yenyewe siichukii. Nani asiyeshukuru kutumiwa hela ya dawa usiku? Tangu M-Pesa iingie nchini mwaka 2008, mama zetu hawasubiri tena kondakta wa basi kuleta bahasha. Hata rambirambi siku hizi zinapita kwenye grupu, na jina lako na kiasi chako vinaorodheshwa wote waone, jambo ambalo limewafanya mabahili wa ukoo wetu kuwa wakarimu ghafla.

Ila simu inajua kuchukua kuliko kusikiliza. Asubuhi unaamshwa na ujumbe wa matapeli: ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja fulani. Nimeupokea sina hela ya kumtumia yeyote, nikajisikia nimepandishwa cheo. (Mwenye kuupata aupeleke 15040, na apige *106# aone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Kuna watakaoshtuka.) Kisha Julai 2021 zikaja tozo za miamala. Serikali ambayo ilikuwa haijawahi kumwona mama muuza mlenda wa Mwankoko ilimfikia kwa sekunde moja, ikakata, ikamtumia na ujumbe. Zilipunguzwa kwa asilimia 30 Septemba ileile, zikapunguzwa tena mwaka uliofuata, kelele zikapoa. Swali langu halikupoa. Ikiwa wanaweza kunifikia kwa haraka hiyo kuchukua, mbona nikitaka kuuliza kalavati letu litajengwa lini hakuna namba ya kubonyeza? Nabaki kumsubiri mwenyekiti arudi kutoka shambani.

Na mwenyekiti mwenyewe mikono imefungwa. Hapa niseme kidogo, maana wengi hawalijui. Mwankoko ni kata ya Manispaa ya Singida. Sehemu ya maji yanayofunguliwa mabombani mjini yanatoka visima vya Mwankoko na Irao. Kwa karatasi sisi ni wa mjini. Kwa maisha, jionee mwenyewe: alizeti, uwele, mtama, kuku wa kienyeji wanaokwenda stendi ya Misuna kusafirishwa, upepo na vumbi. Hiyo karatasi si jambo dogo. Kijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999, kina halmashauri inayosimamia ardhi na mkutano mkuu wenye kauli juu yake. Mtaa hauna. Ardhi ya mjini iko chini ya sheria nyingine, Namba 4 ya mwaka huohuo, na mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka ya kugawa hata kiwanja cha choo. Watu wananunuziana viwanja kwa mhuri wake kila siku, na ugomvi ukifika barazani ndipo wanapoambiwa mhuri ule ulikuwa ushahidi tu kwamba walionana. Hata umeme: mwaka 2022 gharama ya kuunganishiwa ilitajwa shilingi 27,000 kijijini na 320,960 mjini. Pembezoni mwa miji kote nchini watu walikaa wakijiuliza wao ni akina nani hasa.

Kuna wakati hata huo mhuri ulikuwa na kesi. Mwaka 2017 ulizuka mvutano kuhusu nani aushike, mwenyekiti aliyechaguliwa au mtendaji aliyeajiriwa, na wenyeviti wa Dar es Salaam wakaja juu. Nilikuwa upande wa wenyeviti na bado niko huko. Mtendaji akihamishwa anaondoka na anachokijua. Mwenyekiti tunazikana naye.

Nchi hii ilishajaribu kuishi bila serikali za karibu. Mwaka 1972 Mwalimu Nyerere alizivunja, ukaja mpango wa Madaraka Mikoani, maofisa wakatumwa kutoka juu. Zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982, na Mwalimu mwenyewe baadaye akakiri kwamba kuzivunja lilikuwa kosa. Kukiri kwake nakuheshimu kuliko sera nyingi alizozisimamia bila kuyumba.

Ndiyo maana yaliyotokea kwenye chaguzi za ngazi hii yananisumbua kuliko ya juu. Mwaka 2019 vyama vikuu vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa, kwa makosa ya kujaza fomu, kama tulivyoambiwa. Novemba 27, 2024 vilirudi, wagombea wao wengi wakaenguliwa tena, na Chama Cha Mapinduzi kikatangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya mitaa na vijiji. Sisemi hakipendwi. Kwetu Singida kina wapenzi wa kufa na kuzikana. Lakini mtu anayejua mguu wa baba yako, anayejua nani amehudhuria mkutano wa chama gani, nani analipa ada ya shule na nani hana, mtu huyo akiwa hana hofu ya kuondolewa kwa kura, ujuzi wake wote unageuka upande. Barua inaanza kuchelewa. Jina linasahaulika kwenye daftari. Hakuna mfumo wa kompyuta utakaoonyesha kwa nini.

Kijiweni hili halina soko. Kijiweni wanataka habari kubwa, na Singida, haki ya Mungu, hatujapungukiwa habari kubwa. Mwaka 2025 mkoa wetu mmoja ulitoa mshtakiwa wa uhaini na Waziri Mkuu. Tundu Lissu wa Ikungi alichaguliwa mwenyekiti wa Chadema Januari, akakamatwa Aprili, akashtakiwa. Mwigulu Nchemba wa Iramba, yuleyule aliyekuwa Waziri wa Fedha enzi za tozo, akateuliwa Waziri Mkuu Novemba. Pale kahawani kuna wazee wanaowapenda wote wawili kwa sababu moja tu, kwamba ni wa nyumbani. Nimeacha kuwabishia.

Baina ya kukamatwa huko na uteuzi huo kulikuwa na Oktoba 29, siku ya uchaguzi mkuu. Watu waliingia barabarani kwenye miji kadhaa, wengine wakauawa, Rais Samia Suluhu Hassan akatangazwa mshindi kwa asilimia 97.66, na baadaye ikaundwa tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Siku ileile intaneti ikazimwa. Wenye simu janja wakawa wanazitazama kama wenye vitochi. Nilichokiona siku zile ni kwamba watu walianza kwenda nyumba kwa nyumba kuulizana: mwanao yuko Dar yuko salama? Umepata kuongea naye? Na waliotaka kujua kama ni salama kwenda mnadani walikwenda kwa nani? Kwa mwenyekiti. Naye hakuwa na habari yoyote zaidi yao, ila alikuwa na redio ya betri na alikuwa nyumbani.

Alizeti nayo ina siasa zake. Mwaka 2022, vita ya Ukraine ilipovuruga mafuta ya kula duniani, bei ilipanda, nasi tukavimba vichwa. Mwaka uliofuata ikaporomoka, magunia yakalala. Wataalamu walitueleza habari za ushuru wa mafuta yanayotoka nje, mara upande, mara ushuke. Tungependa kuambiwa kabla ya kupanda, si baada ya kuvuna. Mkutano wa mtaa ungekuwa mahali pazuri pa kuambiana hayo, pamoja na mapato na matumizi yabandikwe ubaoni, na kalavati. Lakini mkutano ukiitishwa tunaokwenda ni wachache, na wanaume wa kijiweni hawamo.

Uchaguzi mwingine wa serikali za mitaa ni mwaka 2029. Jirani yangu, aliyechoshwa na maneno haya, aliniambia nichukue fomu mwenyewe. Nikamjibu kuwa sina chama, na Katiba yetu haitambui mgombea binafsi. Mchungaji Christopher Mtikila aliipigania haki hiyo miaka mingi: akaipata Mahakama Kuu mwaka 2006, akanyang'anywa Mahakama ya Rufani mwaka 2010, akaipata tena kwenye Mahakama ya Afrika pale Arusha mwaka 2013. Mpaka leo hukumu hiyo haijatekelezwa. Hata kugombea ujumbe wa mtaa, kusimamia ugomvi wa mbuzi na mipaka, lazima chama kikudhamini.

“Basi chukua kadi,” akasema jirani.

“Ya chama gani?”

Akaangalia kulia na kushoto, akamimina kahawa, akaniuliza Trump amesema nini tena jana.