Mtu wa Barakoa ya Fedha

Wasomaji wenzangu, muhula uliopita tulionyeshwa picha ya sinema ya kale katika ukumbi wa kulia chakula. Ilikuwa picha ya Mexico ya mwaka 1962, na shujaa wake alikuwa mpigana mieleka aliyefunika kichwa chote kwa barakoa ya rangi ya fedha. Alipigana na wanawake wanyonya damu, akawashinda, akaenda zake, wala hakuivua barakoa hata mara moja. Wadogo wetu walicheka mpaka wakatokwa na machozi. Lakini usiku ule bwenini rafiki yangu mmoja alisema, "Mambo haya ni uongo mtupu, tena mtu mzima kuficha uso wake ni aibu." Sikuwa na jawabu. Tangu siku ile nimesoma kila nilichokipata juu ya mtu yule, na haya ndiyo majibu yangu, ijapokuwa yamechelewa.

Watu wa Mexico walimwita El Santo, maana yake Mtakatifu. Jina alilopewa na wazazi wake ni Rodolfo Guzmán Huerta. Alizaliwa tarehe 23 Septemba 1917 katika mji wa Tulancingo, jimbo la Hidalgo. Angali mtoto, jamaa yake walihamia mji mkuu, wakakaa Tepito, mtaa wa wachuuzi na mafundi wadogo wadogo, uliotoa mabondia wengi hodari. Huko alijifunza kwanza michezo ya mpira, kisha jujitsu, kisha mieleka.

Yafaa nieleze mchezo wenyewe, maana si mieleka kama tuijuayo sisi ya kushikana viunoni mchangani. Mwaka 1933 Bwana Salvador Lutteroth alianzisha chama cha kuandaa mieleka ya kulipwa katika Mji wa Mexico. Watu hupigana juu ya ulingo wenye kamba, na kwa kawaida mshindi ni yule apataye miangusho miwili katika mitatu. Mwangusho huhesabiwa mabega ya mtu yakibanwa chini mpaka mwamuzi ahesabu tatu, au mtu akikiri kuwa ameshindwa. Wapiganaji ni wa namna mbili. Wako mafundi, wafuatao sheria, na wako washari, ambao huuma, hupiga mateke mwamuzi akigeuka, na kuwatukana watazamaji. Watazamaji nao huwarudishia matusi, na nimesoma kwamba hata bibi vikongwe huwa hawana adabu hapo.

Barakoa ilianza kwa fundi viatu. Antonio Martínez, mtu wa mji wa León, alikuwa akishona viatu vya wapiganaji. Kiasi cha mwaka 1934 mpiganaji mmoja kutoka Marekani alimwomba amshonee kitu cha kufunika kichwa chote. Fundi akampima kichwa kama apimavyo mguu, akakata ngozi ya mbuzi, akashona vipande, na nyuma akavikaza kwa kamba kama kiatu. Napenda sana habari hii. Jambo lililopata kuwa alama ya nchi nzima lilitoka katika kibanda cha fundi aliyekuwa akitafuta riziki yake.

Basi, huyu kijana Rodolfo alianza kupigana katikati ya miaka ya 1930 kwa uso wake mwenyewe na kwa jina la Rudy Guzmán. Hakupata sifa kubwa. Akajiita Mtu Mwekundu, lakini mambo hayakubadilika sana. Akajiita Pepo Mweusi. Halafu akajiita Popo wa Pili, kwa kuwa alikuwako mpiganaji mashuhuri aitwaye Popo, Jesús Velázquez, aliyekuwa na desturi ya kuachia popo walio hai mbele ya watu. Popo wa kwanza akakasirika, akapeleka mashtaka kwa wakubwa wa mchezo, nao wakaamua kwamba kijana hana haki ya jina lile. Mimi nimekataliwa katika timu ya mpira, na katika mbio za kupokezana vijiti pia, kwa hiyo nilipofika hapa katika kusoma nilifunga kitabu kidogo nikapumzika. Mtu huyu alikuwa amepita miaka ishirini, amejaribu majina manne, na la mwisho amenyang'anywa.

Mwaka 1942 Jesús Lomelí, aliyekuwa akisimamia wapiganaji, alitaka kuunda kundi la watu watakaovaa mavazi ya rangi ya fedha. Akamwekea Rodolfo majina matatu achague: Mtakatifu, Shetani, au Malaika. Akachagua Mtakatifu. Tarehe 26 Julai mwaka ule aliingia ulingoni kwa jina hilo mara ya kwanza, katika mchezo wa watu wanane. Na hapa ndipo penye kichekesho: Mtakatifu huyu alikuwa mshari mkubwa! Alipigana kwa hila na ukatili, na watu walilipa viingilio ili waone akipigwa. Hata hivyo alikuwa mwepesi na hodari kweli, na baadaye yeye na Gory Guerrero waliungana wakaitwa Jozi ya Atomiki, wakawasumbua wengi.

Sasa nirudi kwa rafiki yangu. Ni kweli kwamba katika mieleka ya namna hii mara nyingi mwisho hupangwa kabla. Lakini mwili haupangwi, kwa maana atupwaye nje ya kamba huangukia sakafu ile ile ngumu. Tena liko jambo moja lisilorudishwa. Wapiganaji wawili waweza kuweka barakoa zao rehani. Ashindwaye huivua mbele ya watu wote, hutaja jina lake na kwao, kesho yake magazeti huupiga chapa uso wake, na kwa desturi hawezi kuivaa tena. Kwa mpiganaji, hiyo ni kama kufiwa na nusu ya nafsi yake.

Tarehe 7 Novemba 1952 El Santo aliweka barakoa yake mbele ya Black Shadow, aliyekuwa amevaa nyeusi. El Santo akashinda. Black Shadow akafunua uso, na watu wakamjua kuwa ni Alejandro Cruz. Mwenzake, Blue Demon, ambaye watu walimdhania kuwa ndugu yake wa damu, alitaka kisasi. Mwaka 1953 alimshinda El Santo akamnyang'anya ubingwa wa dunia wa uzito wake. Ushindani wao ulidumu miaka mingi, ingawa katika sinema baadaye walicheza pamoja kama marafiki.

Mwaka ule ule wa 1952 José G. Cruz alianza kutoa gazeti la hadithi za picha juu ya El Santo, naye ndani yake hakuwa mshari bali mtetezi wa wanyonge. Watoto wakaliamini gazeti kuliko ulingo. Zikafuata sinema. Mbili za kwanza zilipigwa Kuba mwaka 1958, Fidel Castro na watu wake walipokuwa wakikaribia kuutwaa mji wa Havana. Kwa jumla zilizidi hamsini. Nyingi hazikugharimu fedha nyingi, na nadhani hata bwenini kwetu tungeshona mazimwi bora kuliko mengine niliyoyaona. Hatimaye, katika miaka ya 1960, hata ulingoni aliacha ushari. Nasema alishurutishwa na barakoa yake. Kila mtoto alimjua kuwa mtu mwema, angewezaje tena kumuuma mtu sikio?

Nje ya ulingo pia aliificha sura yake. Alikuwa na barakoa iliyoachwa wazi kidevuni ili aweze kula mbele za watu. Husimuliwa kwamba akisafiri nchi za nje alipanda ndege mbali na wenzake wa sinema, wasije wakamwona anapofunua uso kwa maofisa wa pasipoti.

Alistaafu tarehe 12 Septemba 1982, zikiwa zimesalia siku kumi na moja atimize miaka 65. Mwenzake wa zamani, Gory Guerrero, alikuwa upande wake siku hiyo. Mwezi wa Januari 1984 alialikwa kwenye televisheni, na katikati ya mazungumzo, pasipo kushindwa na mtu, akaipandisha barakoa kidogo, sehemu ya uso wake ikaonekana. Wakaona mzee wa kawaida. Siku chache baadaye, tarehe 5 Februari, moyo wake ulisimama baada ya maonyesho katika jumba la michezo mjini Mexico.

Maelfu ya watu walikuja maziko yake. Walimzika amevaa barakoa ya fedha. Mwanawe wa mwisho alikuwa amekwisha kuingia ulingoni tangu 1982, akiwa na barakoa ya rangi ile ile, na kwa jina la Mwana wa Mtakatifu.