Siku Tatu za Nyongeza

Oktoba 14, 2019 ilikuwa siku ya mwisho ya kujiandikisha kwa ajili ya uchaguzi wa serikali za mitaa Tanzania Bara. Ilikuwa pia siku ya kumkumbuka Mwalimu Nyerere, na kilele cha Mbio za Mwenge mwaka ule kilifanyika mkoani Lindi. Jioni ile madaftari yalitakiwa kufungwa, lakini hayakufungwa. Selemani Jafo, aliyekuwa waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), alikuwa ameongeza siku tatu, hadi Oktoba 17, kwa kuwa walioandikwa walikuwa bado wachache kuliko lengo. Zoezi lilipofungwa, walihesabiwa watu zaidi ya milioni 19.6, sawa na asilimia 86 ya waliotarajiwa.

Kila nchi inayopiga kura hufika siku moja kwenye jambo hili: muda umeisha, watu bado wapo nje. Mwenye mamlaka anaongeza siku, magazeti yanatangaza, na wengi tunaridhika kwamba haki imetendeka. Mimi naamini siku ya nyongeza ni jambo jema. Lakini inamfaa zaidi mtu wa aina moja, yule anayeishi karibu na kituo, ana redio au simu, na alichelewa kwa sababu zake. Mtu ambaye kituo kiko mbali naye, au ambaye msimu umempeleka kwingine, siku hizo humpita kama zilivyompita za mwanzo.

Tuitazame Chunyu, huko Lindi kusini, katika ukanda wa Ruangwa na Nachingwea. Huko mwezi Oktoba ni mwezi wa korosho. Korosho haichumwi kama embe. Inaachwa ianguke yenyewe pamoja na bibo lake, kisha inaokotwa, inatenganishwa na bibo, inaanikwa. Ikilala chini siku nyingi inapata unyevu, na korosho yenye unyevu ghalani hupangwa daraja la chini. Mvua za kwanza zikitangulia kabla ya kuokota, hasara ni ya mwenye shamba. Basi familia huhamia shambani. Wapo wanaolala huko wiki kwa wiki, kwenye kibanda au dungu, wakiokota asubuhi na kulinda usiku, maana ngedere na nguruwe pori hawana likizo. Mzigo ukishakuwa tayari unapelekwa kwenye ghala la AMCOS, chama cha msingi cha ushirika, kisha unasubiri mnada wa RUNALI, chama kikuu kinachounganisha wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale.

Sasa weka uandikishaji ndani ya mwezi huo. Mwaka 2019 ulikuwa Oktoba 8 hadi 17, siku za nyongeza zikiwemo. Mwaka 2024 ulikuwa Oktoba 11 hadi 20, na kura yenyewe Novemba 27. Uchaguzi wa kitongoji humtaka mtu ajiandikishe pale anapoishi, si pale anapolima. Aliye shambani, hata akipita kituo cha kitongoji kingine njiani kwenda ghalani, kile si chake. Kujiandikisha kwake ni safari ya kurudi nyumbani, kuandikwa jina, umri na saini ndani ya dakika chache, kisha safari nyingine ya kurudi kwenye korosho. Atapoteza siku nzima ya kuokota. Siku tatu zilizoongezwa katikati ya msimu uleule hazipunguzi hata hatua moja ya safari hiyo.

Hapa lazima nieleze jambo linalowachanganya watu wengi, wasomi wakiwemo. Tanzania Bara ina orodha mbili za wapiga kura, na hazijuani. Ya kwanza ni Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, linalosimamiwa na Tume, ambayo tangu 2024 inaitwa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Kabla ya daftari hilo kuwepo, watu waliandikishwa upya kila uchaguzi mkuu. Daftari la kudumu lilianza kuandikwa mwaka 2004 na kutumika 2005. Tangu 2015 mtu huchukuliwa alama za vidole na picha kwa mashine, na hupewa kadi, ile ambayo mitaani inaitwa kichinjio. Kwa daftari hilo anachaguliwa rais, mbunge na diwani. Orodha ya pili ni ya wakazi wa kitongoji, kijiji au mtaa, inayoandikwa upya kila uchaguzi wa serikali za mitaa chini ya TAMISEMI. Hiyo haina kadi. Sheria ya 2024 imetaja usimamizi wa uchaguzi huo kuwa miongoni mwa kazi za Tume, kwa utaratibu utakaowekwa na sheria ya Bunge, lakini mwaka huohuo kazi ilibaki TAMISEMI.

Matokeo yake, mwenye kichinjio mfukoni anaweza kurudishwa nyumbani siku ya kumchagua mwenyekiti wa kitongoji kwa sababu jina lake halimo kwenye orodha ya kitongoji. Na aliyeandikwa kwenye orodha ya kitongoji Oktoba 2024 anaweza kudhani amemaliza, akakaa bila kujiandikisha kwa ajili ya uchaguzi mkuu wa Oktoba 2025. Huyu hakuchelewa, alikwenda kuandikwa kwa wakati, ila kwenye daftari jingine. Hata akiongezewa mwezi mzima hatautumia, maana anaamini tayari ameshaandikwa.

Daftari la Tume nalo lina ratiba yake. Sheria inaitaka Tume iliboreshe mara mbili kati ya uchaguzi mkuu mmoja na siku ya uteuzi wa wagombea wa uchaguzi unaofuata. Uboreshaji uliotangulia uchaguzi wa 2025 ulizinduliwa Kigoma Julai 20, 2024 na Kassim Majaliwa, aliyekuwa Waziri Mkuu na mbunge wa Ruangwa. Mashine zilizunguka nchi mkoa kwa mkoa, siku saba kila mahali, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni, na Lindi ikafikiwa mwanzoni mwa 2025. Awamu ya pili ilianza Mei 2025, na kwa maana halisi hiyo ndiyo ilikuwa nyongeza: nafasi ya aliyekosa awamu ya kwanza, aliyetimiza miaka, aliyehama au aliyepoteza kadi.

Tazama vituo, usitazame tarehe peke yake. Awamu ya kwanza ilipangiwa vituo zaidi ya 40,000 nchi nzima. Awamu ya pili vituo havikufika 8,000, vikiwekwa ngazi ya kata. Sababu inaeleweka, mashine na waandikishaji ni gharama, na wanaotarajiwa ni wachache. Lakini kwa mkazi wa kijiji, kituo kilichokuwa shuleni kwao Januari kimehamia kijiji kingine Mei, wakati ufuta unakaribia kukatwa. Aliyeshindwa kwenda karibu anaambiwa aende mbali. Bodaboda ya kwenda na kurudi inalipwa taslimu, na mwezi Mei fedha ya korosho imekwisha na ya ufuta haijaingia. Kwa hesabu ya nchi nzima kazi ilikuwa kubwa: daftari lilifikia wapiga kura milioni 37.6, kutoka milioni 29.7 mwaka 2020. Yaliyotokea Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, na siku zilizofuata, vifo, kuzimwa kwa intaneti na amri ya kutotoka nje Dar es Salaam, yana uzito wake na hayawezi kubanwa ndani ya makala inayohusu madaftari.

Mashine yenyewe nayo inastahili neno. Inataka vidole. Maganda ya korosho yana mafuta makali yanayobabua ngozi, ndiyo maana wanawake wanaobangua kwa mkono hupaka majivu viganjani. Vidole vilivyobabuka kwa ubanguaji, au vilivyosuguliwa na mpini wa jembe kwa miaka hamsini, haviachi alama iliyo wazi. Mwandikishaji anafuta kioo, anafuta kidole, anajaribu tena. Foleni inasubiri. Siku za mwisho, umati unapokuwa mkubwa, mzee wa namna hiyo ndiye anayekata tamaa mapema.

Kwa nini basi tusiongeze tu siku, tena nyingi, mpaka karibu na kura? Kwa sababu orodha ikifungwa kazi haijaisha. Inabandikwa hadharani ili watu wasome majina, waweke pingamizi dhidi ya marehemu, aliyehama, aliye chini ya miaka 18 na asiye mkazi. Idadi ya karatasi za kura na mgawanyo wa vituo hutegemea orodha hiyo. Kila siku inayoongezwa mwanzoni inachukuliwa kutoka kwenye siku za ukaguzi, isipokuwa kura nayo isogezwe. Tena nyongeza inayotolewa kwa kufukuzia lengo ina hatari yake. Mwaka 2024 serikali ilitangaza kwamba walioandikwa ni 31,282,331, sawa na asilimia 94.83 ya lengo. Vyama vya upinzani vikalalamika kwamba wanafunzi wasiofikisha umri na majina yasiyo na wenyewe yameingizwa. Sina haja ya kuhukumu kila daftari ili nione fundisho lililopo: mwandikishaji anayepimwa kwa idadi atatafuta idadi, na mahali pa kumsahihisha ni ule ukuta wa ofisi yalipobandikwa majina, endapo watu watakuwepo kuyasoma. Oktoba, Chunyu, wengi wao wako shambani.

Wengine wamefanyaje? Kenya, Katiba ya 2010 inataka uandikishaji uwe wa kuendelea, lakini bado kampeni kubwa hupangiwa mwisho. Ile ya 2017 ilianza Januari 16 na ilikuwa iishe Februari 14. Mahakama Kuu ikaamuru isifungwe bado, na IEBC, tume ya uchaguzi ya huko, ikaendelea hadi Februari 19. Tofauti na kwetu ni kwamba mwananchi alikwenda mahakamani kudai siku hizo. Uingereza, usiku wa Juni 7, 2016, mtandao wa kujiandikisha kwa kura ya maoni ya kujitoa Umoja wa Ulaya ulizidiwa na kuanguka, na serikali ikaongeza siku mbili. Hiyo ni nyongeza safi kabisa. Kosa lilikuwa la mfumo, mfumo ukarudisha kilichopotea, kwa njia ileile na kwa watu walewale.

Jimbo la Minnesota, Marekani, lilikwenda mbali zaidi. Tangu 1974 mtu anaweza kujiandikisha siku yenyewe ya kura, kituoni, akaonyesha uthibitisho wa makazi. Asiyekuwa na karatasi anaweza kuthibitishwa na jirani aliyeandikwa katika eneo lile, anayekula kiapo kwamba anamjua. Nikiusoma utaratibu huo nawaza vitongoji vyetu, ambako kila mtu anajua nani ni mtoto wa nani na nani amehamia mwaka gani. Ujuzi huo tunao tele. Tatizo ni kwamba kwetu anayeaminika kuthibitisha ukaaji mara nyingi ni mwenyekiti wa kitongoji, na kiti chake ndicho kinachogombewa. Minnesota inamtegemea jirani yeyote. Sisi tunamtegemea mwenye maslahi. Hilo likirekebishwa, ushahidi wa majirani wawili au watatu mbele ya mawakala wa vyama ungetosha kumwingiza mtu aliyerudi kutoka shamba wiki ya mwisho.

Siku ya kura nayo ina nyongeza yake ndogo, iliyopangwa vizuri kuliko zote. Vituo vya uchaguzi mkuu hufungwa saa 10 jioni, lakini aliyekuwa tayari kwenye mstari saa hiyo ilipogonga ana haki ya kupiga kura hata jua likizama. Anayekuja baadaye haongezwi. Kanuni hii haibishaniwi kwa sababu inajulikana kabla, na haimtegemei mkubwa yeyote kuamua jioni ile. Nyongeza isiyo na kanuni ya namna hiyo tuliwahi kuona matunda yake: Oktoba 29, 1995, Dar es Salaam, vifaa vilichelewa, watu wakakesha vituoni, na mwishowe uchaguzi wa majimbo yote saba ya mkoa ukafutwa na kurudiwa Novemba 19.

Kwa hiyo ningependa siku za nyongeza ziandikwe kwenye kanuni mapema: zitolewe lini, kwa sababu gani, na zitangazwe angalau siku mbili kabla ya daftari kufungwa, ili anayelala shambani apate habari kutoka kwa mpita njia. Ningependa pia zisiwe na vituo pungufu. Ukanda wa korosho una mahali ambapo karibu kila mkulima hufika msimu ule, nalo ni ghala la AMCOS. Anapopima mzigo wake jina lake tayari linaandikwa na karani, kwa kilo na kwa daraja. Meza ya mwandikishaji kando ya mzani, yenye madaftari ya vitongoji vyote vinavyohudumiwa na ghala hilo, ingewapata watu ambao siku tatu za 2019 hazikuwapata. Uchaguzi ujao wa serikali za mitaa ni 2029. Kanuni zake hazijaandikwa bado, na Oktoba ya mwaka huo mabibo yatakuwa yanaanguka Chunyu kama kawaida.