Mikarafuu Mitano ya Mama

Arobaini ya mama ilipokaribia, sote sita tulikaa barazani kwetu Kiuyu, Pemba, tukapiga hesabu: ng'ombe, magunia mawili ya mchele, mafuta, viungo, kuni. Fedha zilikuwepo, karafuu tulishauza. Dada yetu mkubwa alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Mama presha ilimsumbua miaka miwili. Mara ngapi alikosa kliniki kwa ajili ya nauli? Leo tunamchinjia ng'ombe." Hakuna aliyemjibu.

Hitima tulisoma, watu wakala haluwa na kunywa kahawa. Walionung'unika hawakukosekana; kwetu hitima bila pilau husemwa hata msimu mwingine. Fedha zilizobaki tukaziweka ziwe nauli ya wagonjwa wa mtaani, hasa mja mzito anayeshikwa na uchungu usiku, wakati gari ni ya kukodi tu.

Sheikh wetu aliipenda nia, ila akatusahihisha. Nauli ikishatolewa imekwisha. Hiyo ni sadaka, lakini bado si sadaka jaria, ile iliyotajwa katika Hadithi ya Muslim pamoja na elimu yenye manufaa na mtoto mwema amwombeaye mzazi wake. Sadaka jaria asili yake hubaki, likatumika zao. Swahaba Saad bin Ubada alifiwa na mama yake naye hayupo. Akamuuliza Mtume kama sadaka itamfaa marehemu. Alipoambiwa ndiyo, alitoa shamba. "Nanyi mna mikarafuu," akasema sheikh.

Hapo tena pana utaratibu wake. Mali ya maiti hugharimia kwanza mazishi na kulipa deni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo mirathi. Mama hakuusia. Kwa hiyo tulirithishana kwanza, kila mmoja akajua fungu lake, ndipo tukatoa mikarafuu mitano kwa ridhaa yetu, ikaandikwa wakf mbele ya mashahidi, zao lake liwe nauli ya wagonjwa. Nawe ukinuia hivyo, nenda Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana. Maneno ya barazani yasiyoandikwa, wajukuu huyauza.

Wapo waliofanya jambo la namna hii kwa njia yao. Ivo de Carneri, mtaalamu wa vimelea kutoka Italia aliyeshughulikia maradhi ya Pemba, alifariki mwaka 1993. Mwaka uliofuata ukaundwa mfuko wa kumkumbuka, na mwaka 2000 ikafunguliwa maabara ya afya ya jamii yenye jina lake pale Wawi, Chake Chake. Miongoni mwa kazi za maabara hiyo ni kuchunguza kichocho na minyoo. Kichocho nakijua: utotoni tulikojoa damu tukadhani ndiyo dalili ya kubaleghe, na mama akitufukuza kwa fimbo kwenye maji ya mabondeni.

Daftari la nauli analo dada. Msimu huu mikarafuu mitatu kati ya ile mitano haikuzaa, ikabidi tuchange.