Kalamu Baada ya Zamu: Kuirudia Furaha ya Kuandika

Mtumishi wa afya ni mtu wa kuandika. Muuguzi wa zahanati ya kijijini huvifungua vitabu vya MTUHA tangu asubuhi, akajaza jina, umri, kijiji, dalili na dawa iliyotolewa. Tabibu huandika historia ya ugonjwa, rufaa na fomu za bima. Mwisho wa mwezi huja na taarifa yake, na mwisho wa robo mwaka nao huja na yake. Mikono hiyohiyo, katika watu wengi zaidi ya tunavyodhani, iliwahi kuandika mambo mengine kabisa: mashairi ya kugutiana, hadithi za kusomwa bwenini, tamthilia ya mahafali, barua ndefu zisizo na shida ndani yake. Ukiwauliza leo, watakujibu kwamba waliacha. Baadhi waliacha kwa kukosa muda. Wengine waliacha kwa sababu ngumu zaidi kuieleza: kuandika kuligeuka kazi ya pili, yenye malipo, tarehe za mwisho na mteja wa kuridhishwa, na siku moja wakagundua kuwa furaha imekwisha kuondoka bila kuaga.

Makala haya yanawahusu hao, na yanawahusu pia wagonjwa wanaoishi na maradhi ya muda mrefu, ambao kalamu inaweza kuwafaa. Swali letu ni moja: je, furaha hiyo inaweza kurudi, na ikirudi, inarudi kwa njia gani?

Uchovu unaozidi usingizi

Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, aliyekuwa akifanya kazi mjini New York, alieleza hali aliyoiona kwa watu waliojitolea katika kliniki ya bure. Walikuwa wameanza kwa ari kubwa. Baada ya muda wakawa wakavu, wenye hasira za haraka, wasioona maana ya wanachokifanya. Leo Shirika la Afya Duniani linaitambua hali hiyo katika toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, lililopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022. Humo inaelezwa kuwa jambo linalotokana na kazi, wala haihesabiwi kuwa ugonjwa. Alama zake ni tatu. Ya kwanza ni kuishiwa nguvu. Ya pili ni kujitenga na kazi kwa moyo, au kuitazama kwa dharau. Ya tatu ni kujiona huna tena ufanisi.

Tunapaswa kuitofautisha hali hii na sonona. Aliyechoshwa na kazi huweza kucheka akiwa nyumbani na kufurahia mpira au harusi. Giza lake limeegemea kazini. Sonona hulifunika eneo lote la maisha. Huzuni au kukosa hamu ya kila kitu kunapodumu kwa wiki mbili au zaidi, usingizi na hamu ya kula vikavurugika, au mawazo ya kufa yakaanza kupita kichwani, mtu huyo anahitaji kuonwa na mtoa huduma bila kuchelewa. Mambo hayo mawili yanaweza pia kumpata mtu mmoja kwa wakati mmoja.

Malipo yanapoingia katika mchezo

Kwa nini jambo ambalo mtu alilifanya usiku kucha bila kuombwa linakuwa mzigo pale anapolipwa kulifanya? Mwaka 1973 watafiti watatu wa Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, waliwachukua watoto wa shule ya awali waliokuwa wakipenda kuchora. Baadhi waliahidiwa cheti chenye utepe iwapo wangechora. Wengine walipewa cheti kama hicho bila kukitarajia, na wengine hawakupewa kitu. Siku zilipopita, watoto walioahidiwa cheti walitumia takriban nusu tu ya muda waliotumia wenzao katika kuchora kwa hiari. Kalamu za rangi zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni sababu ya kuzishika.

Mwaka 1985 Teresa Amabile alilipima jambo hilo kwa vijana 72 waliokuwa wakijishughulisha na uandishi wa kubuni. Kila mmoja aliandika mashairi mawili mafupi. Kabla ya shairi la pili, kundi moja lilitakiwa kuzipanga sababu za nje za kuandika, kama vile fedha na sifa. Kundi jingine lilizipanga sababu za ndani, kama vile raha ya kucheza na maneno. La tatu halikuulizwa kuhusu sababu. Washairi wazoefu walipoyapima mashairi hayo, yale ya kundi lililofikiria sababu za nje yalionekana kuwa na ubunifu mdogo zaidi. Dakika chache tu za kuitafakari faida zilitosha kuivuruga kazi.

Haimaanishi kwamba malipo ni haramu. Mwandishi naye ana ada za shule za kulipa, na jasho lake lina haki. Tafiti hizi zinatufundisha kitu chembamba zaidi: malipo yakishika nafasi ya sababu ya kwanza, sababu za awali husogea nyuma, na hazirudi mbele zenyewe.

Wawili waliotutangulia

Anton Chekhov, daktari wa Urusi, alihitimu udaktari mjini Moscow mwaka 1884. Wakati huo alikuwa akiandika vichekesho vifupi kwa ajili ya magazeti, kwa malipo ya mstari, ili kuilisha familia ya wazazi wake. Aliandika haraka, na mengi aliyatia majina ya kubuni. Mwaka 1886 mwandishi mkongwe Dmitri Grigorovich alimwandikia barua akimsihi akiheshimu kipaji chake na aache kuandika kwa haraka. Chekhov alipunguza kasi. Mwaka 1888 alitoa hadithi ndefu kuhusu safari ya mtoto katika nyika, aina ya kazi isiyowezekana chini ya kipimo cha mistari. Aliendelea pia kutibu, pamoja na wakulima maskini wa jirani zake.

Karibu na kwetu yupo Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, ambaye wapenzi wa Bwana Msa wanamjua vyema. Wasichokijua wengi ni kwamba kabla ya kuingia katika uandishi wa magazeti alikuwa mtumishi wa afya: kwa takriban miaka kumi alikuwa mkaguzi katika idara ya afya ya Zanzibar. Mwaka 1948 akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la hadithi za Kiswahili la mwaka 1957/58 lililoendeshwa na Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, ikachapishwa mwaka 1960. Riwaya yake ya pili, Kisima cha Giningi, ilitoka mwaka 1968. Miaka minane ilipita katikati, naye alikuwa akihariri jarida la kilimo la Mkulima. Chakula chake kilitoka kwingine. Bwana Msa aliweza kungoja.

Wala hilo si jambo geni katika Kiswahili. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa mwaka 1923, lilijaa mashairi ya wasomaji. Shaaban Robert mwenyewe alikuwa karani wa forodha kwa miaka mingi, toka mwaka 1926 hadi 1944, na alitunga huku ameajiriwa. Fasihi yetu kwa sehemu kubwa imejengwa na watu waliotoka kazini, wakawasha taa, wakaandika.

Daftari la Lusewa

Kwetu ni Lusewa, kata iliyoko kusini mwa Wilaya ya Namtumbo, upande wa kuelekea Mto Ruvuma. Hadi mwaka 2002 Namtumbo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Songea, na wazee wetu hata leo wakiulizwa hujibu kuwa wao ni watu wa Songea. Nayataja haya kwa sababu ninayoyasema juu ya furaha kurudi niliyaona pale.

Kwa miaka minne, pamoja na kazi yangu ya udaktari bingwa wa afya ya akili, niliandika hadithi za mfululizo kwa kampuni moja iliyozisambaza kwa simu. Nililipwa kwa kila sehemu. Sehemu mbili zilitakiwa kila wiki, na kila moja ilipaswa kuishia pabaya ili msomaji anunue inayofuata. Takwimu za wasomaji zilikuja kila Jumatatu, nazo ndizo zilizoamua nani afe na nani apone. Mwaka wa tatu nilikuwa nikiifungua kompyuta kwa uzito uleule nilioubeba kutoka wodini. Hata riwaya za wengine sikuweza kuzisoma. Mkataba ulipoisha sikuuhuisha, na kwa mwaka mmoja na nusu sikuandika chochote zaidi ya majalada ya wagonjwa.

Kisha nikaenda nyumbani kwa likizo. Kwetu Wayao mjomba ni mtu mzito, na watoto wa dada yangu hawakunipa nafasi ya kukataa: ikifika jioni, mjomba sharti asimulie. Nikaanza na sungura na fisi, hadithi zikaisha, nikalazimika kubuni. Mpwa wangu wa miaka tisa akahofia kwamba nitasahau tulipoishia, akaniletea daftari lake la mwaka uliopita lenye kurasa nyeupe nyuma. "Mjomba, andika," alisema, "kesho usije ukabadilisha." Nikaandika. Kesho yake alinisahihisha kuwa fisi hawezi kusema maneno ya adabu namna ile, na alikuwa na haki. Hakuna aliyehesabu wasomaji; walikuwa wanne, na mmoja alikuwa akisinzia. Usiku wa sita nilitambua kuwa tangu mchana nilikuwa naingojea jioni ifike.

Kama daktari ningelieleza hivi: zile sababu za ndani zilipata nafasi ya kurudi mbele. Hapakuwa na mteja, palikuwa na msikilizaji. Hapakuwa na kipimo cha kurasa. Palikuwa na mapumziko ya kweli kabla yake, jambo ambalo hakuna kalamu inayoweza kulifidia.

Kuandika kama msaada wa afya

Upande mwingine wa jambo hili umefanyiwa utafiti hospitalini. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall waliwaomba wanafunzi wa chuo waandike kwa dakika 15, siku nne mfululizo. Walioandika juu ya masaibu yao, matukio pamoja na hisia, walijisikia vibaya zaidi mara baada ya kuandika, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kliniki ya chuo mara chache kuliko wenzao. Mwaka 1999 Joshua Smyth na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 112 wa pumu na baridi yabisi. Baada ya miezi minne, karibu nusu ya walioandika juu ya masaibu yao walionesha nafuu ya kitabibu, wakati kwa walioandika mambo ya kawaida ilikuwa karibu robo.

Tusitie chumvi. Mwaka 2006 Joanne Frattaroli alizikusanya tafiti 146 za aina hiyo na kukuta faida ipo, ila kwa wastani ni ndogo. Kuandika hakuchukui nafasi ya dawa ya pumu, wala ya mshauri nasaha. Ni msaada mdogo, wa bei ya daftari na kalamu.

Kwa anayetaka kuanza tena

Chagua muda mfupi, dakika 15 hadi 20, baada ya kulala vya kutosha na si badala ya usingizi. Tumia daftari lisilo la kazi. Usisahihishe tahajia, wala usimwoneshe mtu kwa wiki za mwanzo isipokuwa wewe mwenyewe unatamani. Usianze na kitabu. Anza na ukurasa. Ikiwa unaandika kwa malipo, tenga kitu kimoja ambacho hakitauzwa. Usiyachokonoe masaibu mazito ya juzi ukiwa peke yako. Na ukiona kuandika kunakuongezea hofu au kukukosesha usingizi siku kadhaa, acha na uzungumze na mtoa huduma.

Kwa watumishi wa afya lipo sharti lisilo na mjadala: siri ya mgonjwa. Kubadilisha jina peke yake hakutoshi. Katika kijiji ambamo mama aliyejifungua watoto watatu ni mmoja tu, kila msomaji atamjua. Badili umri, mahali, ugonjwa na mfuatano wa mambo, au usiandike. Hadithi inayomtambulisha mgonjwa bila ridhaa yake imemjeruhi, hata kama imeandikwa kwa upendo.

Neno la mwisho ni kwa waganga wafawidhi na wasimamizi wote. Muuguzi anayehudumia zahanati peke yake, usiku kwa mchana, hataponywa kwa kuambiwa atunge mashairi. Anahitaji mwenzake wa kupokezana zamu, likizo inayotolewa kwa wakati, na mtu wa kumsikiliza baada ya kifo cha mzazi au mtoto mchanga mikononi mwake. Akishapata hayo, muda wa kalamu atautafuta mwenyewe. Ukimkuta kivulini baada ya zamu akiandika kitu kisichohitajika wilayani, usimuulize ni taarifa gani hiyo. Mwache amalize.