Gadolini na Ile Iitwayo Dawa ya Rangi

Barua zimekuwa nyingi kutoka kwa wasomaji walioandikiwa na matabibu wao kipimo cha MRI, wakaambiwa ya kuwa watadungwa "dawa ya rangi" kabla ya picha kukamilika. Na kwa kuwa khofu iliyomo katika barua hizo aghalabu haitokani na dawa yenyewe bali na maneno ya mitaani, nimeona ni wajibu kueleza ni kitu gani hicho kipitacho mshipani.

Kwanza, dawa hiyo haina rangi: itazame ndani ya bomba la sindano, utaona maji maangavu kama ya mvua. Wala haina mionzi, na MRI yenyewe haitumii mionzi ya eksirei. Na yule asemaye kwamba sumaku huvuta chuma kilichomo katika damu, laiti angefikiri kidogo. Chuma hicho kimefungwa ndani ya hemoglobini, wala hakivutiki kama msumari.

Ndani ya maji hayo mna gadolini, elementi ya 64, mojawapo ya zile metali ziitwazo adimu, ambayo Marignac, mwanakemia wa Uswisi, aliitambua mwaka 1880 kwa mistari ya mwanga wake. Ajabu yake ni elektroni saba zisizo na mwenza, ambazo kila moja ni kama sumaku ndogo.

Hapa namwomba msomaji anivumilie. Viini vya haidrojeni vilivyomo katika maji ya mwili huzunguka mfano wa pia; sumaku kuu ya mtambo huvielekeza upande mmoja, wimbi la redio huviinamisha, na wimbi likikoma hurejea mahali pake, kila tishu kwa mwendo wake, na katika tofauti ya mwendo huo ndimo picha inamozaliwa. Sasa gadolini imeshikwa na molekuli kubwa mithili ya kitu kilichobanwa katika magando ya kaa: nafasi nane zimezibwa na magando, ya tisa imeachwa wazi, na katika nafasi hiyo moja molekuli ya maji huketi, ikaguswa na nguvu za zile elektroni saba, ikaondoka, ikaja nyingine, zaidi ya mara milioni moja katika sekunde. Kila iliyoketi hapo hurejea upesi, na penye kurejea upesi picha hung'aa. Kwa hiyo kinachoonekana si metali, ni maji yaliyopata ujirani wake; na uvimbe wa ubongo, ambao mishipa yake huvuja pale ambapo mishipa mizima haivuji, hujitokeza mweupe.

Magando hayo ndiyo usalama wenyewe, maana gadolini iliyo huru, ambayo ukubwa wake wakaribia ule wa kalsiamu, huziba njia za kalsiamu katika misuli na neva. Dawa ya kwanza ya aina hii iliidhinishwa mwaka 1988. Mwaka 2006 tabibu mmoja wa Austria akaihusisha na maradhi ya wenye figo zilizoshindwa, ambao ngozi yao ilikakamaa hata viungo visikunjike. Na mwaka 2014 Wajapani wakaonyesha dalili za mabaki yake katika ubongo, ingawa madhara ya mabaki hayo katika ubongo hayajathibitishwa. Mwaka 2017 Ulaya ikasimamisha aina kadhaa ambazo magando yake yako wazi kama mnyororo, ikabakisha hasa zile zilizofungwa kama pete.

Khabari hizo ndizo walizozidaka wauzaji wa "kusafisha madini mwilini", wakaketisha wagonjwa miguu ndani ya beseni lenye umeme hata maji yageuke ya hudhurungi. Hiyo ni kutu ya vyuma vya beseni! Liwashe bila mguu wa mtu, maji yatageuka vilevile. Kumtoza mgonjwa fedha kwa kutu ni dhuluma.

Mwambie tabibu kabla ya sindano kama una ugonjwa wa figo, mimba, au chombo cha kuongoza moyo. Uliza kama dawa ni ya aina ya pete. Figo zikiwa nzima, nusu yake hutoka katika damu kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Na mama aliyeniuliza kama amwage maziwa yake: kiasi kipitacho katika maziwa siku ya kwanza hakifiki asilimia 0.04 ya kipimo alichodungwa, na katika hicho utumbo wa mtoto hufyonza chembe tu. Aghalabu hapana haja ya kumwaga.