Hewa Iingie, Hewa Itoke

Akina mama wa Bungulu, mkifika kiliniki kupima watoto kilo, mnakuta madirisha yote wazi, hata asubuhi ya baridi. Mama anayekohoa anaombwa kungoja inje, barazani. Si kumfukuza wala kumpatisha haya. Ni juu ya kulinda watoto.

1. Kifua kikuu kinapita wapi?
Kinapita katika hewa. Mgonjwa wa mapafu akikohoa, anatoa vijidudu visivyoonekana kwa macho. Katika chumba kilichofungwa vinaelea masaa mengi, hata mgonjwa akiisha kwenda zake. Mtoto mdogo akivuta hewa ile, ugonjwa unaweza kumshika kwa nguvu, hata kufika kwenye ubongo.

2. Je, mashini si bora kuliko dirisha?
Hospitali kubwa za mbali zina mashini zinazovuta hewa na kuipitisha katika chujio, kama vile tunavyochuja chai. Ni kitu kizuri, zaidi kwa chumba cha upasuaji. Lakini mashini inataka umeme mchana na usiku, na chujio kubadilishwa. Umeme ukikatika, chumba kisicho na dirisha kinakuwa sanduku tu.
Mwaka 2007 ilitangazwa kazi ya waganga waliopima hewa katika hospitali 8 za mji wa Lima, nchi ya Peru. Vyumba vya mashini vilihesabiwa kubadilisha hewa mara 12 kwa saa. Vyumba vyenye madirisha na milango wazi vilifika mara 28. Majengo ya zamani, yenye dari ya juu na madirisha makubwa, yalishinda yote.

3. Nyumbani tufanye namna gani?
– Hewa inataka njia mbili: iingie upande huu, itoke upande ule. Dirisha moja halitoshi.
– Usiku mnaogopa baridi, mbu na wezi. Ni kweli. Basi mwambie baba aache nafasi juu ya ukuta, chini ya mabati, pande mbili, na kuziba kwa wavu wa chuma. Mtoto alale ndani ya chandarua, amefunikwa vizuri.
– Kitambaa dirishani hakichuji vijidudu. Kinazuia hewa tu.
– Msilale na mbabula ya makala ndani ya nyumba. Sumu yake haina harufu, nayo inaua watu katika usingizi.

4. Hewa peke yake haiponyeshi
Kikohozi kikipita wiki mbili, au mtu akikonda na kutoka jasho usiku, aje tupime makohozi. Dawa za kifua kikuu ni bure. Mara nyingi zinamezwa miezi 6, bila kuacha hata ukijisikia mzima. Mtoto apate chanjo ya BCG akiisha kuzaliwa.

Mama, kesho ukiamka, fungua madirisha kwanza, kisha washa moto.